UZI: "Mimi hawajaniuliza." Hesabu ya kura za maoni, na mfuko wa shangazi nyuma ya mlango

Wadau, kila mjadala wa siasa hapa ukifika kwenye takwimu, lazima watu wawili watokee. Wa kwanza anasema: "Wamehoji watu 2,000, na wapiga kura ni zaidi ya milioni 22. Mimi hawajaniuliza, jirani yangu hawajamuuliza. Huo ni uongo." Wa pili anabandika picha ya jedwali na kuandika: "Sayansi imesema, tulieni."

Nasoma sayansi ya siasa, na mwaka jana tulilazimishwa kuchukua somo la takwimu. Wengi wetu tulilipita kwa maombi. Lakini nilitoka pale nikiamini kwamba hawa wawili wamekosea wote, na kwamba makosa yao yana historia hapa Kenya, historia iliyoua watu. Uzi ni mrefu, kwa hivyo weka chai jikoni kwanza. Sitataja mgombea wala chama. Kama umekuja kutukana mtu, uko kwenye uzi usio wako.

Nianzie nyumbani, Kiogoro, kule Kisii. Kwetu tunachuma chai. Ukipeleka majani kituoni, karani anataka majani mawili na chipukizi, si vinginevyo. Sasa, karani hawezi kukagua jani moja moja kwenye mzigo mzima, jua lingetua. Anaangalia konzi chache na kuamua. Na wakulima tunajuana: kuna wale wanaopanga majani laini juu na yale magumu chini. (Hata boma letu limo, nisijifanye.) Karani mgeni anachota juu na kuridhika. Karani mzoefu anamwaga mzigo wote, anauchanganya, ndipo anatia mkono.

Mshikeni huyo karani mzoefu, tutamhitaji hadi mwisho.

Swali la mtu wetu wa kwanza, yule wa "hawajaniuliza", ni hili: konzi ngapi zinatosha? Jibu lilianza kupatikana mwaka wa 1733, na aliyelipata hakuwa mwanasiasa. Abraham de Moivre alikuwa Mfaransa wa Kiprotestanti aliyekimbilia London kwa sababu ya dini yake, akaishi kwa kufundisha watu hesabu na kuwashauri wacheza kamari. Aligundua kwamba ukirusha sarafu mara nyingi sana, ukahesabu vichwa, kisha ukarudia zoezi hilo tena na tena, majibu yako yanajipanga kwa umbo la kengele. Mengi yanakaa karibu na nusu, na yanapungua haraka kadiri unavyokwenda mbali na nusu. Mwaka wa 1810 Pierre-Simon Laplace akalipanua wazo hilo mbali sana na sarafu. Jina tunalotumia darasani lilikuja baadaye, mwaka wa 1920, kutoka kwa George Pólya. Kwa Kiswahili tunaiita nadharia ya kikomo cha kati.

Inasema hivi, kwa lugha ya kituo cha chai. Chukua mzigo wowote. Vilivyomo ndani havihitaji kuwa na umbo zuri. Vinaweza kuwa vimekaa ovyo kabisa. Chota sampuli kubwa ya kutosha bila kuchagua, piga wastani wake, uandike. Rudisha, changanya, chota nyingine. Ukifanya hivyo mara nyingi, wastani unaoandika utakuwa unazungukazunguka wastani wa kweli wa mzigo kwa umbo la kengele. Kengele hiyo ni nyembamba kiasi gani? Chukua mtawanyiko wa vitu vyenyewe, ugawanye kwa kipeuo cha pili cha idadi uliyochota. Basi.

Angalia kitu ambacho hakimo kwenye hiyo sentensi: ukubwa wa mzigo. Kama mzigo ni mkubwa kuliko sampuli kwa mbali, haijalishi kama una wapiga kura milioni 2 au milioni 22. Hapo ndipo watu hukataa katakata. Mimi pia nilikataa, hadi nilipofikiria sufuria ya mchuzi. Ukitaka kujua kama chumvi imekolea kwenye sufuria ya harusi, unaonja kijiko kilekile unachotumia kuonja sufuria ya nyumbani. Sharti ni moja tu, mchuzi uwe umekorogwa.

Sasa tarakimu. Tuseme wagombea wawili wamegawana nchi nusu kwa nusu, na umehoji watu 2,000 bila kuchagua. Hesabu inatoa kosa sanifu la asilimia 1.1. Kwenye kengele, karibu sampuli 95 kati ya 100 huangukia ndani ya mara mbili ya hapo, yaani asilimia 2.2 juu au chini. Hiyo ndiyo "jumlisha au toa 2.2" unayoiona imeandikwa kwa herufi ndogo. Ukihoji watu 500, inakuwa 4.4. Kumbe kupunguza kosa kwa nusu kunataka watu mara nne, na ndiyo maana kampuni hazihoji watu 50,000. Gharama inapanda kwa kasi, faida inapanda kwa kusitasita.

Kwa hivyo wa kwanza, kaa chini. Kutoulizwa kwako si ushahidi wa uongo.

Lakini wa pili asisimame kushangilia, kwa sababu hesabu hiyohiyo inamnyima mengi. Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 katika sensa ya 2019, katika nchi ya watu milioni 47.6. Kura ya maoni ya kitaifa ya watu 2,000 ikigawanywa kwa haki, Kisii inapata watu 53 hivi. Ukingo wa makosa hapo ni asilimia 13 na nusu kila upande! Halafu jioni mtu anaandika "Kisii imehama", ati kwa sababu tarakimu ya kaunti imesogea kutoka 48 hadi 55. Haijahama popote. Ni konzi tu imetikisika.

Na kuna mtego mwingine. Ukiambiwa mmoja ana 45 na mwingine 43, "jumlisha au toa 2.2" ni ya kila tarakimu peke yake. Pengo kati yao lina ukingo wake, karibu mara mbili ya huo. Kwa watu 2,000, pengo la alama 2 linaweza kutokea kwa bahati tupu hata kama wamelingana kabisa.

Hapo bado tunazungumzia karani mwaminifu. Historia inaonyesha kinachotokea mkono ukichota juu. Mwaka wa 1936 nchini Marekani, jarida la Literary Digest lilituma karatasi za kura kama milioni 10 na kurudishiwa zaidi ya milioni 2. Majina yalitoka kwenye orodha kama za wenye simu na wenye magari, katikati ya mdororo wa uchumi ambapo maskini hakuwa na simu wala gari. Jarida likatabiri kwamba rais aliyekuwa madarakani angeshindwa vibaya. Alishinda kwa karibu asilimia 61 ya kura. George Gallup, kwa sampuli ndogo kuliko hiyo kwa mbali, alimpata mshindi. Hiyo milioni 2 ilikuwa na kosa la bahati dogo mno, lakini hesabu ya Laplace haisemi lolote kuhusu mkono unaochagua. Ukiongeza majani ya juu, unapata picha safi zaidi ya majani ya juu.

Turudi kwetu. Watu hudhani kura za maoni ni kitu cha juzi, lakini Nairobi ilikuwa na kampuni iliyoitwa Marco Surveys iliyokuwa ikipima maoni ya watu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati uhuru unakaribia. Kisha enzi za chama kimoja zikaja, na swali la nani anapendwa likawa si la kuulizwa hadharani. Wazee wa Kiogoro wakitaka kukuonyesha kwa nini hawaamini tarakimu yoyote hawataji sampuli, wanataja mlolongo wa 1988. Watu walipanga foleni nyuma ya wagombea mchana peupe, kila mtu anaona, na bado kuna mahali foleni fupi ilitangazwa kuishinda ndefu. Mtu aliyeona hivyo kwa macho yake ana haki ya kukuangalia vibaya ukimletea habari za kipeuo cha pili.

Halafu 2007. Kura za maoni za mwisho zilionyesha wagombea wawili wakikabana, pengo dogo lisiloweza kubeba uamuzi wowote. Ukisoma kengele vizuri, ujumbe ulikuwa "hatujui". Lakini mitaani ulisomeka "wetu anaongoza", na kila upande ukaingia siku ya kupiga kura ukiwa na ushindi mfukoni. Matokeo yakatangazwa, moto ukawaka. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Mamia ya maelfu ya watu walihama makwao.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameolewa Bonde la Ufa na ana kibanda cha nguo. Januari 2008 alirudi Kiogoro akiwa na watoto wawili na godoro moja. Nilikuwa mdogo sana. Ninachokumbuka ni lile godoro, kwa sababu nililalia. Hakurudi tena kule.

Siku ileile ya kupiga kura ya 2007 kulikuwa na kura ya maoni ya mlangoni, yaani watu zaidi ya elfu tano waliulizwa wakitoka kupiga kura. Iligharamiwa kwa fedha za Wamarekani. Haikutangazwa kwa miezi. Ilitoka 2008, wakati makaburi yameshaota nyasi, na hadi leo watu wanaipigia kelele. Mimi maoni yangu ni haya: hata ingetoka siku ya pili, isingemaliza ubishi. Ingekuwa ni karani mmoja anasema amechota vizuri, na karani mwingine anasema mfuko wenyewe ulifunguliwa usiku. Tume ya Jaji Kriegler ilipochunguza uchaguzi ule ilisema takwimu zilichafuka kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Ukichota sampuli kutoka kwenye fomu zilizochafuliwa, utapata wastani mzuri sana wa uchafu.

Baada ya hapo nchi ilijifunza mambo kadhaa. Bunge lilipitisha sheria ya uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi mwaka wa 2012: anayechapisha lazima aseme nani alilipia, watu wangapi walihojiwa na ukingo wa makosa ni upi. Na siku tano kabla ya uchaguzi hairuhusiwi kuchapisha.

Kilichonivutia zaidi lakini ni ELOG, muungano wa mashirika ya kiraia ya kuangalia uchaguzi. Wao waliacha kuuliza watu. Walichagua vituo vya kupigia kura bila upendeleo, wakatuma waangalizi, na kila mwangalizi akaripoti matokeo ya kituo chake yanapohesabiwa pale pale. Hiyo ni hesabu sambamba ya kura.

Hebu fikirieni umbo la mzigo huo. Kenya tunapiga kura kwa maeneo, tusidanganyane. Kuna vituo mgombea anapata 90 kwa 100, na vingine anapata 5. Ukivipanga vituo vyote kwa asilimia hupati kengele hata kidogo, unapata ngamia mwenye nundu mbili. Hapo ndipo nadharia ile inaonyesha nguvu zake: kituo kimoja ni ngamia, lakini wastani wa vituo 1,000 vilivyochotwa bila kuchagua unarudi kuwa kengele. Nilipoelewa hili ilibidi nisimame kidogo nje ya maktaba. Siasa zetu zote za kikabila, na bado hesabu inazimudu.

Inazimudu kwa bei, lakini. Kwa sababu nundu ziko mbali, mtawanyiko ni mkubwa, na kengele haiwi nyembamba sana. Mwaka wa 2013, kwa vituo karibu 1,000, ELOG ilikadiria mshindi kuwa na asilimia 49.7, jumlisha au toa 2.7. Tume ilitangaza 50.07. Tarakimu hizo zinapatana vizuri. Lakini Katiba inataka zaidi ya nusu ya kura zote, na 50.07 ilivuka mstari kwa kura elfu nane na ushei kati ya zaidi ya milioni 12. Kengele yenye upana wa alama 2.7 haiwezi kuona kura elfu nane. Ni kama kupima uzi wa sindano kwa mizani ya magunia. Waliosema hesabu sambamba "ilithibitisha" kuwa hakukuhitajika duru ya pili walisema uongo, na waliosema "ilithibitisha" kuwa ilihitajika walisema uongo pia.

Mwaka wa 2017 ni somo la aina nyingine. Sampuli ilikuwa vituo 1,703, makadirio 54.0 kwa ukingo wa 1.9, na tume ikatangaza 54.27. Zimeshikana kama pacha. Na bado tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi huo, kwa sababu ya jinsi matokeo yalivyopitishwa na kutangazwa. Hakuna mgongano hapo. Sampuli ilijibu swali la wastani wa vituo, mahakama ilijibu swali la kama sheria ilifuatwa njiani.

Sasa 2022, ndiyo ninayoikumbuka mwenyewe. Nilikuwa nyumbani nasubiri kujiunga na chuo. Tume iliweka fomu za vituo vyake 46,229 kwenye mtandao, kila mtu azione, na vyombo vya habari vikaanza kujumlisha vyenyewe. Jioni ile runinga moja ilikuwa na huyu anaongoza, ukibadilisha chaneli yule anaongoza. Tarakimu zilikuwa mamilioni ya kura!

Shangazi alikaa akitazama, akabadilisha chaneli kama mara nne, kisha akainuka bila kusema kitu. Asubuhi nilikuta mfuko nyuma ya mlango wake: nguo, vitambulisho, dawa yake ya presha, sufuria ndogo. Nikamwambia, "Shangazi, hapa ni Kiogoro, hapa ni nyumbani." Huniita tata, kwa sababu nimebeba jina la babake. Akasema, "Tata, hata kule nilidhani ni nyumbani."

Wakati ule sikuwa na jibu. Leo ningemwonyesha ni kitu gani alikuwa anatazama. Kila chumba cha habari kilikuwa kinachota fomu kwa mpangilio wake. Ukianza na fomu za nundu ya kushoto, wa kushoto anaongoza. Ukianza na za kulia, wa kulia. Fomu elfu kumi zilizochotwa hivyo zinakwambia machache kuliko fomu 1,000 zilizochotwa bila kuchagua. Hakuna aliyehitaji kudanganya ili tarakimu zitofautiane. Karani alikuwa anachota juu, na juu ya kila mfuko palikuwa tofauti.

Tarehe 15 Agosti matokeo yalitangazwa, makamishna wanne kati ya saba wakayakana, na kijiji kikanyamaza kwa namna ambayo sikuipenda. Mshindi: 50.49. Kesho yake ELOG ikatoa makadirio ya vituo 1,000: 50.7, jumlisha au toa 2.1, wa pili 48.7.

Tufanye hesabu pamoja, ndiyo niliyoahidi. Chukulia ukingo huo ni wa asilimia 95, basi kosa sanifu ni 2.1 gawanya kwa 1.96, yaani 1.07. Tuseme ukweli ulikuwa 50 kamili, kwamba hakuvuka mstari. Je, sampuli kama hii ingeweza kutupa 50.7 au zaidi kwa bahati tu? Toa 50 kutoka 50.7, gawanya kwa 1.07, unapata 0.65. Kwenye jedwali la kengele, hiyo ni karibu mara 26 kwa 100. Mara moja katika kila nne! Hakuna mtu angevuka barabara kwa uhakika wa aina hiyo.

Ila geuza swali. Tuseme mtu anadai mshindi alipata 45 na aliyobaki ni wizi. Sampuli ya 50.7 iko zaidi ya makosa sanifu 5 kutoka hapo. Kwa bahati tupu, hilo halitokei mara moja kwa milioni. Kwa hivyo konzi lile lilikuwa na maana. Lilifunga mlango kwa uongo mkubwa, likauacha wazi kwa ubishi mdogo, na ule ubishi mdogo ukaenda mahali pake, Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 5 Septemba ilidumisha matokeo.

Nilimweleza shangazi haya yote likizo iliyopita, kwa kutumia majani ya chai, tukiwa tunachuma. Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza: "Na hao waangalizi, nani aliwachagua?" Nikaanza kueleza, nikagundua kwamba lile ndilo swali la karani na mfuko, na yeye amelifikia bila kipeuo cha pili.

Ule mfuko aliufungua wiki moja baada ya hukumu. Nguo alizirudisha, ila vitambulisho bado viko kwenye bahasha moja, juu ya kabati.

Maswali leteni hapo chini. Kesho kutwa naandika kuhusu bonasi ya chai na jinsi neno "wastani" linavyotumiwa kwenye mikutano ya viwanda, na hapo sitakuwa mpole.